Jembe la Odewale: Tanzia ya Sophocles Mikononi mwa Ola Rotimi

Katika mijadala ya fasihi linganishi, tamthilia iliyoandikwa upya aghalabu hushtakiwa kabla ya kusomwa. Swali la kwanza huwa ni lile lile: imeifuata ya asili au haikuifuata? Wanafunzi huchora jedwali la safu mbili. Upande huu Oedipus, upande ule Odewale. Hapa Jocasta, pale Ojuola. Hapa Creon, pale Aderopo. Jedwali likishajaa, uhakiki huhesabiwa kuwa umekamilika, na kinachosalia ni kumtuza au kumkaripia mwandishi wa pili kwa kadiri ya utiifu wake.

Jedwali la namna hiyo halimtendei haki Sophocles wala Rotimi. Palipo na mfanano, mwandishi wa pili amekopa tu. Palipo na tofauti, hapo ndipo alipofikiri. Ola Rotimi aliandika The Gods Are Not to Blame, jina ambalo kwa Kiswahili lingeweza kuwa Miungu Haina Lawama, ikaigizwa kwa mara ya kwanza mjini Ile-Ife, Nijeria, mwaka 1968, kisha ikachapishwa mwaka 1971. Tofauti baina ya kazi yake na ya Mgiriki ni nyingi, lakini moja inazishinda nyingine zote kwa uzito: namna baba anavyouawa, na sababu ya kuuawa kwake. Anayeichunguza tofauti hiyo kwa makini atagundua kwamba tamthilia hii ni kali zaidi kuliko ujumbe ambao wahakiki wengi, na hata mhusika mkuu mwenyewe, wameutanguliza.

Kisa chenyewe kinajulikana. Mfalme na malkia wanapata mtoto wa kiume, inabashiriwa kwamba atamuua babake na kumwoa mamake, mtoto anafungwa miguu na kupelekwa mwituni afe, aliyetumwa anamhurumia, mtoto analelewa ugenini na watu anaoamini kuwa ndio wazazi wake. Katika kuukimbia ubashiri, anaukimbilia. Hadhira ya Athens ya karne ya tano kabla ya Kristo iliujua mwisho wa kisa hiki kabla ya kuketi, naye Sophocles alilijua hilo. Ndiyo maana hakuanzia mwanzo. Tamthilia yake inafunguka tauni ikiwa imekwisha kuishika Thebes, mfalme akiwa mtu mzima mwenye watoto wanne, na kila la kutendeka limekwisha kutendeka. Kilichobaki ni kujua tu.

Rotimi anaanzia mwanzo kabisa. Katika dibaji yenye msimulizi, ngoma na maigizo bubu, Mfalme Adetusa na Malkia Ojuola wa Kutuje wanajaliwa mtoto, mwaguzi kipofu Baba Fakunle anatamka balaa, na kichanga, miguu ikiwa imefungwa kwa uzi wa kauri, anakabidhiwa Gbonka ampeleke msituni. Hadhira ya Kinijeria isiyomjua Oedipus inapewa mapema kile alichokijua Mwathene. Huo ni ufundi wa busara, wala hauhitaji maneno mengi.

Mwaka huo huo wa 1971 msomaji wa Kiswahili naye alimpokea Oedipus, ila kwa mlango mwingine. Samuel Mushi, ambaye alikuwa ametangulia kutafsiri Makbeth na Tufani za Shakespeare, alitoa Mfalme Edipode. Mtafsiri amefungwa na kiapo kimoja, asiongeze wala asipunguze. Katika tafsiri, Apollo hubaki Apollo na Thebes hubaki Thebes. Msomaji ndiye anayefunga safari. Rotimi anaifanya Thebes isafiri yenyewe. Kazi hizi mbili ni halali zote, lakini si kazi moja, na Kiswahili bado hakijaafikiana juu ya jina la hiyo ya pili. Wapo wanaoiita utohozi, neno ambalo wanaisimu wamelizoea kwa maneno ya mkopo yanayovishwa sauti za Kiswahili. Wengine husema uandishi upya. Istilahi ya utohozi ina mtego wake, kwa kuwa inadokeza kwamba neno ni lile lile na kilichobadilika ni matamshi. Odewale si Oedipus anayetamkwa Kiyoruba.

Kabla ya faida, itajwe hasara, maana ipo, tena si ndogo. Oedipus wa Sophocles aliupata ufalme kwa akili. Sphinx, zimwi la kike lenye mwili wa simba, lilikuwa limeitia Thebes mashakani kwa kitendawili ambacho hakuna aliyekitegua. Oedipus akakitegua, wakampa mji. Msomaji wa Kiswahili ana sababu ya kutabasamu hapa. Katika utegaji wa vitendawili wa Waswahili, aliyeshindwa ndiye anayetoa mji na mtegaji ndiye anayeupokea. Oedipus anaupokea mji kwa kutegua, na mji wenyewe ni ule ule aliozaliwa. Kitendawili hicho, kama mapokeo yanavyokieleza, kilihusu miguu: kiumbe anayetembea kwa miguu minne asubuhi, miwili adhuhuri na mitatu jioni. Aliyekitegua ana makovu kwenye vifundo vya miguu na jina linaloeleweka kuwa mguu uliovimba, wala hakuwahi kuitegua miguu yake mwenyewe. Hiyo ndiyo roho ya tanzia ya Sophocles. Mwerevu wa werevu ndiye asiyejijua, na mwenye macho anabishana na Tiresias kipofu juu ya nani kati yao anayeona.

Rotimi anakitupa kitendawili. Mahali pake anaweka vita: watu wa Ikolu wanaivamia Kutuje iliyofiwa na mfalme wake, Odewale mpita njia anawakusanya wenyeji, wanawashinda adui, kisha wanamvika taji licha ya ugeni wake. Odewale ni mtu wa vitendo. Raia wanapokuja kulalamika juu ya maradhi, anawauliza wao wenyewe wamefanya nini, akawahimiza wakachume majani ya dawa na kuyachemsha. Mtawala wa aina hiyo anapendeza, naye ni adimu jukwaani na kwingineko. Hata hivyo, kiu ya kujua haimchomi Odewale kama inavyomchoma Oedipus. Naye Jocasta, anayeng'amua mapema na kumsihi mumewe aache kuuliza, ana kina ambacho Ojuola hakupewa. Anayedai kwamba Rotimi amempiku Sophocles hana budi kuilipa hesabu hii kwanza.

Sasa ije njia panda. Kwa Sophocles, mauaji yalitokea zamani, mahali njia tatu zinapokutana, na hadhira inayasikia tu Oedipus anapomsimulia mkewe. Walisukumana njiani, mzee aliyekuwa garini akampiga kichwani kwa fimbo ya kuswagia wanyama, yeye akamwangusha kwa mkongojo wake, kisha akawaua aliokuwa nao. Ugomvi ulikuwa wa nani ampishe nani. Hapakuwa na aliyemuuliza mwenzake alikotoka, na masimulizi yenyewe yanapita upesi kama yalivyopita mauaji.

Rotimi anayaleta mauaji hayo jukwaani. Alaka, rafiki wa zamani kutoka Ijekun, anapofika Kutuje na kumuuliza Odewale kwa nini aliondoka Ede, kumbukumbu inaigizwa mbele ya hadhira. Odewale alikuwa amenunua shamba huko Ede, penye njia tatu. Siku moja anamkuta mzee pamoja na watu wake wakivuna viazi vikuu katika shamba hilo. Anamwita mwizi, naye anaitwa mwizi. Maneno yanapanda. Odewale anajizuia, na Rotimi ana makini kuonyesha kwamba anajizuia, hadi mzee anapolidharau kabila lake kuwa ni la watu wa porini. Hapo ndipo subira inapokatika. Wanapigana kwanza kwa hirizi na maneno ya uganga, kisha Odewale, akimwita Ogun, mungu wa chuma, anamuua mzee kwa jembe. Waswahili wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kutuje ilimpa mgeni wake kiti cha enzi bila kujua kwamba jembe alikuwa nalo zamani, na kazi aliyolifanyia.

Shamba na kabila: Mkenya hahitaji tanbihi hapa. Lakini kilele cha kejeli hakiko katika tusi, kiko katika nasaba. Mzee yule ni Adetusa, mfalme wa Kutuje. Kijana anayeghadhabika kwa sababu Ijekun imetukanwa si mtu wa Ijekun. Alilelewa huko tu na Ogundele mwindaji. Damu anayoitetea si yake, na anayoimwaga ndiyo yake. Hata jina lake, ambalo kwa Kiyoruba hueleweka kuwa mwindaji amerudi nyumbani, linamsuta: alirudi kweli, ila hakupajua nyumbani alipopaona.

Mbegu ya kejeli hii ilikuwamo kwa Sophocles. Tiresias anasema waziwazi kwamba muuaji anayedhaniwa kuwa mgeni atadhihirika kuwa mzawa wa Thebes. Lakini kwa Mgiriki hilo ni fumbo moja miongoni mwa mengi, na tuhuma za Oedipus dhidi ya Creon ni tuhuma za kisiasa za kawaida: shemeji anautaka ufalme, amemhonga mbashiri. Rotimi anaichukua mbegu hiyo na kuifanya mti mzima. Baba Fakunle anapomtaja kuwa muuaji na kumtupia fumbo la kitanda, Odewale hasikii shtaka dhidi ya matendo yake. Anasikia wenyeji wanaotaka kumng'oa mgeni. Anamwona Aderopo, ambaye ni ndugu yake wa tumbo moja, kuwa kichwa cha njama, na Aderopo anaondoka mjini kwa ajili ya tuhuma hiyo.

Wahakiki kadhaa wamelalamika kwamba dhamira ya ukabila imebandikwa tu katika tamthilia hii. Hoja yao ni kwamba raia wa Kutuje hawamchukii Odewale kwa asili yake. Walimtawaza wenyewe, tena kinyume cha mila. Kwa hivyo, wanasema, ukabila umo kichwani mwa mfalme peke yake. Uchunguzi huo ni sahihi, lakini hitimisho lake limepotoka. Kuwamo kwake kichwani ndiko hasa kunakoonyeshwa. Odewale ametawala miaka kumi na mmoja, amezaa na malkia, ameheshimiwa, na bado shaka ya kwanza inapobisha hodi anaifungulia kama mgeni wa jana. Ukabila wa aina hii hauhitaji jirani mbaya. Unatosheka na mtu anayeamini kwamba lazima jirani awe mbaya.

Jambo jingine husahauliwa. Kutuje na Ijekun zimo ndani ya ulimwengu mmoja wa Kiyoruba. Wanaapa kwa Ogun yule yule na kupiga ramli ile ile ya Ifa. Tamthilia iliigizwa kwa mara ya kwanza Vita vya Biafra, vilivyoanza Julai 1967 na kwisha Januari 1970, vikiwa vimepamba moto, na ingekuwa rahisi kwa mwandishi kuweka jukwaani makabila mawili yasiyosikilizana lugha. Hakufanya hivyo. Rotimi, ambaye babake alikuwa Myoruba na mamake Mwijaw, aliuweka mpaka mahali ambapo mtu wa nje asingeuona kabisa.

Je, miungu? Jina la tamthilia limezua mzozo usiokwisha, kwa kuwa msomaji yeyote anaweza kuuliza: iwapo balaa lilitamkwa mtoto akiwa na siku chache, kosa lake liko wapi? La kuvunda halina ubani. Rotimi mwenyewe alieleza kwamba miungu anayoikusudia katika jina hilo si ile ya jadi, bali mataifa makubwa ya nje ambayo Wanijeria waliyatupia lawama kwa vita walivyopigana wenyewe. Maelezo hayo yanasaidia kuielewa nia, lakini mtazamaji hapewi maelezo mlangoni. Lazima jibu litafutwe ndani ya tamthilia.

Limo, nalo limejificha mahali ambapo wengi hupita haraka. Oedipus alipotiliwa shaka ya nasaba yake na mlevi karamuni, alikwenda Delphi kuuliza wazazi wake ni nani. Apollo hakumjibu swali lake, alimtupia tu ubashiri wa kutisha. Odewale naye anaambiwa kwa mafumbo kuwa si wa ukoo ule, naye anakwenda kuuliza. Anaelezwa laana yake, kisha anapewa neno la ziada ambalo Mgiriki hakulipata: abaki alipo. Anakimbia. Katika jadi ya Ifa ramli haiishii kwenye kubashiri, huandamana na kafara au maagizo, kwa hiyo neno hilo lina uzito kwa hadhira ya Kiyoruba. Rotimi ameacha ufa mwembamba ambamo hiari ya mtu inaweza kupita. Mtu anaweza kubisha kwamba ufa huo ni mwembamba mno, na ubishi huo una haki yake.

Ndiyo maana hotuba ya mwisho ya Odewale inastahili kusomwa kwa tahadhari. Akiwa amekwisha kujipofusha, Ojuola amekwisha kujiua kwa kisu, anawaambia watu wasiilaumu miungu. Ilitumia tu udhaifu wake, udhaifu wa mtu mwepesi wa kulitetea kabila lake dhidi ya wengine. Walimu huipenda hotuba hii kwa sababu inaweza kunakiliwa katika mtihani chini ya kichwa cha dhamira. Kwa hakika ni sehemu dhaifu ya tamthilia. Inayafanya mahubiri kile ambacho shamba la Ede lilikwisha kukitenda. Tena Odewale, hata wakati huo, bado anasema kabila lake. Amekwisha kujua kwamba yeye ni mwana wa Kutuje, lakini ulimi haujajua. Ikiwa Rotimi alikusudia hivyo, huo ni ustadi mkubwa. Na ikiwa hakukusudia, tamthilia imemzidi maarifa mtunzi wake, jambo ambalo hutokea.

Msomaji wa Kenya ana haja ya tofauti hii baina ya hotuba na tendo. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki iliorodhesha vifo 1,133. Nyimbo, michezo ya shule na makongamano ya miaka iliyofuata yalijaa hotuba zinazofanana na ya Odewale: ukabila ni mbaya, tuuache. Hakuna aliyezipinga. Ila Kiswahili chenyewe kilikuwa kimetumiwa kutenda kinyume chake. Madoadoa, neno la ngozi ya ng'ombe na la kitambaa, lilifanywa jina la jirani aliyehamia, na hadi mwaka 2022 Tume ya Kitaifa ya Uwiano na Utangamano ilikuwa bado inaliorodhesha miongoni mwa maneno ya chuki. Hotuba inamwambia mtu asimchukie mgeni. Tukio la Ede linamuuliza swali gumu zaidi: ana hakika gani kwamba yeye ndiye mwenyeji?

Kiswahili hakikosi mifano ya uandishi upya wenye ujasiri. Kithaka wa Mberia, katika Kifo Kisimani ya mwaka 2001, alichukua kisa cha Fumo Liyongo. Katika mapokeo, shujaa anauawa na mwanawe wa kumzaa kwa sindano ya shaba. Katika tamthilia, Mwelusi anauawa na Gege, nduguye. Badiliko hilo moja linaihamisha hadithi kutoka kwa mzazi na mtoto hadi kwa watu wa rika moja walionyonya ziwa moja, wanaopaswa kuulizana nani aliyemuuza mwenzake kwa mtawala. Anayelihesabu kuwa kasoro dhidi ya utenzi hajaisoma tamthilia. Kinachokosekana ni Oedipus wa namna hiyo: si wa kutafsiriwa, Mushi alikwisha kuifanya kazi hiyo, bali wa kuandikwa upya na mtu anayejua kwamba katika lugha hii kitendawili hulipiwa mji. Mwandishi huyo angekirudisha kitendawili alichokitupa Rotimi, bila kuliacha jembe.

Tamthilia hizi mbili zinaagana kwa njia tofauti. Oedipus anawashika binti zake, Creon anamwamuru awaachilie, naye anaingizwa ndani peke yake. Odewale anaondoka Kutuje akiwa na watoto wake, na watu wa mji wanapiga magoti akipita. Rotimi hasemi watoto wale wanakwenda wapi, wala ni mji gani utakaowapokea kama wenyeji.